Jedwali la Elementi na Meno ya Watoto

Yuko mwanafunzi awezaye kutaja majina ya elementi kwa mfuatano, kama mtoto wa chuoni asomavyo alifu mpaka ye, asijikwae hata mara moja. Lakini aulizwapo kwa nini strontiamu imewekwa chini ya kalsiamu, hunyamaza kimya. Hapo ndipo tunapoiona kasoro. Jedwali la elementi halikutungwa ili likaririwe. Lilitungwa ili lisomwe, na ajuaye kulisoma hufahamu hata mambo ambayo hakuambiwa.

Mwaka 1869, Dmitri Mendeleev, mwalimu wa Chuo Kikuu cha St. Petersburg nchini Urusi, alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha kemia. Zama zile elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Alizipanga kwa uzito wa atomi zake, akaona kwamba tabia zake hujirudia kila baada ya hatua kadhaa. Basi zile zenye tabia za kufanana akaziweka katika kundi moja.

Palipokosekana elementi ya kufaa, Mendeleev hakulazimisha. Aliacha nafasi wazi, tena akathubutu kueleza sifa za mgeni ambaye bado hajabisha hodi. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, akatangaza kwamba uzito wake ni mara 4.7 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Mendeleev, ambaye hakuwa ameitia machoni, alisema kipimo kile kina makosa, na kwamba jibu la haki halina budi kukaribia 6. Mfaransa akaisafisha galiamu yake, akapima tena, akapata 5.9. Skandiamu ikafuata mwaka 1879 na germaniamu mwaka 1886, kila moja ikakaa mahali ilipowekewa.

Hata hivyo, uzito haukuwa siri yenyewe. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, lakini tabia zake zadai itangulie, na Mendeleev akaitanguliza. Sababu ilidhihirika mwaka 1913, Mwingereza Henry Moseley alipotumia eksirei kuonyesha kwamba kila elementi ina namba yake katika kiini cha atomi. Leo twajua kwamba namba hiyo ni idadi ya protoni: haidrojeni 1, heliamu 2, na kuendelea hadi 118. Miaka miwili baadaye kijana huyo aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Kwa nini basi tabia hujirudia? Kwa sababu atomi hukutana na atomi nyingine kwa elektroni zake za nje, na elementi za kundi moja kwa kawaida zina mpangilio mmoja wa elektroni hizo. Tuliofunzwa juzuu twaweza kulielewa jambo hili upesi: be, te na the zina kiwiliwili kimoja, zatofautiana kwa nukta tu. Vivyo hivyo sodiamu na potasiamu, zote mbili huungana na klorini zikafanya chumvi.

Wako watakaouliza: elimu hii yamfaa nini mwananchi? Tunajibu kwa mfano wa meno ya watoto.

Katika miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio. Miongoni mwa vumbi lake ilikuwamo strontiamu-90, yenye mionzi ya hatari, ambayo huchukua miaka ipatayo 29 kupungua kwa nusu. Vumbi hilo lilishuka na mvua juu ya majani, ng'ombe wakala majani, na watoto wakanywa maziwa. Sasa litazame jedwali: strontiamu i chini ya kalsiamu, katika kundi lile lile. Mwili unaojenga mifupa na meno kwa kalsiamu huipokea strontiamu kana kwamba ni ndugu yake.

Kuanzia mwaka 1958, wanasayansi na raia wa mji wa St. Louis, Marekani, waliwaomba wazazi meno ya watoto yaliyong'oka. Yalikusanywa zaidi ya 300,000. Vipimo vilionyesha kwamba strontiamu-90 ilikuwa ikiongezeka katika meno ya watoto kadiri majaribio yalivyoendelea. Ushahidi huo uliwatia nguvu waliopinga majaribio, na mwezi Agosti 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kuyakomesha majaribio ya hewani, majini na katika anga za juu. Ufaransa, ambayo mwaka 1960 ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza katika Sahara ya Algeria, haikutia saini.

Wazazi wale hawakuwa na jeshi. Walikuwa na meno ya watoto wao, na wenzao waliojua kusoma jedwali.

Kwa hiyo twawaomba walimu wetu wasiridhike na mwanafunzi anayetaja majina 118 kwa pumzi moja. Wamwulize kila elementi ina jirani gani, na kwa nini. Anayekariri bila kufahamu atangoja kuambiwa na wengine kilichomo ndani ya maziwa ya mwanawe.