Saa za Mwisho za Kaizari na Mkewe: Kinaya na Taharuki

Mtahiniwa akiulizwa ni kwa nini Kaizari aliuawa, aghalabu hujibu kwamba alipuuza ndoto ya mkewe. Jibu hili ni nusu tu ya ukweli. Soma tena sehemu ya pili, onyesho la pili, la tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka wa 1963, kisha akaisahihisha na kuiita Juliasi Kaizari mwaka wa 1969.

Ni asubuhi ya Machi 15, mwaka wa 44 K.K. Kaizari angali na vazi la nyumbani. Yeye na Calpurnia wanabishana kama wanandoa wengine: atoke au asitoke? Zingatia hatua hizi:

(a) Calpurnia ameota sanamu ya mumewe ikibubujika damu. Anapiga magoti kumsihi abaki.

(b) Kaizari anakubali kubaki. Watahiniwa wengi huiruka hatua hii.

(c) Decius, mmoja wa wala njama, anafika kumchukua. Anaifasiri ndoto upya: damu ile ni uhai ambao Roma itaupata kwa Kaizari. Anaongeza kwamba Baraza la Seneti limeazimia kumpa taji siku hiyo, na kwamba asipokwenda atachekwa kwa kutishwa na ndoto za mkewe.

(d) Kaizari anaona haya, anaitisha joho lake na kuwakaribisha wauaji wake divai.

Basi kilichomtoa nyumbani ni tamaa ya taji na hofu ya kuchekwa. Hoja hii ndiyo itakayokupa alama katika swali la sifa za mhusika.

Kinaya nacho kimejengwa kwa mazungumzo ya kila siku. Kaizari anauliza saa. Brutus anamjibu kuwa imetimia saa mbili. Hakuna neno la ajabu hapo, lakini hadhira iliyosikia njama katika onyesho lililotangulia inatetemeka. Hiyo ndiyo taharuki.

Mwalimu, usimsahau Calpurnia. Kauli yake ya mwisho ni kumshauri Decius aseme kuwa Kaizari ni mgonjwa. Baada ya hapo hasemi tena hadi tamthilia inapokwisha. Waulize wanafunzi: ukimya huo unaonyesha nini kuhusu nafasi ya mwanamke katika jamii hiyo?

Swali la mazoezi: "Kaizari aliuawa kwa ulimi kabla ya kuuawa kwa visu." Jadili. (alama 20)