0, +243, IMEI: namba yako ya simu inasomwa namna gani?



Kila mwanzo wa msimu A, mwezi wa 9, ninapitia liste za wakulima wa hapa Kalengera wanaongojea mbegu. Mkulima anaitwa kwa simu. Namba ikiwa mbaya, mbegu inaenda kwa mwengine, naye anarudi nyumbani akisema "walinikata mu liste". Mara nyingi hakuna mtu aliyemkata. Ni sifuri.

Sifuri ya mbele ni mlango wa ndani ya nchi. Ukipiga kutoka Congo kwenda Congo unaanza nayo: 081 ni Vodacom, 099 Airtel, 084 Orange, 090 Africell, kisha tarakimu 7. Jumla 10. Ukiweka +243, sifuri inatoka: +243 99, si +243 099. Ile alama ya + inashika fasi ya 00, ni kusema namba inaanza na kodi ya nchi. Ukiandika zote na +243, zitaita hata kama unapiga na kadi ya Gisenyi.

Na juu ya nini Excel inakula sifuri? Juu inafikiri umeandika hesabu, sawa vile kilo za maharagi. Weka kolone mu "Texte" kabla ya kuanza kuandika. Ukikuta namba ya tarakimu 9, usiifute, labda inangojea sifuri yake tu.

Lakini usirudishe sifuri na kubandika +243 ukiwa umefunga macho! Sisi tunaishi karibu na mipaka miwili. Mtu anakupa namba ya 078. Iyo ni MTN, sawa, lakini MTN ya wapi? Rwanda iko na 078, Uganda pia iko na 078, na zote ziko na tarakimu 10 kama zetu. Bila +250 au +256 hakuna anayeweza kujua. Muulize mkulima mwenyewe: "Hii kadi ulinunua wapi?" Swali la sekunde mbili linaokoa mfuko wa mbegu.

Wengine wanauliza kama simu ikiibiwa namba nayo imeenda. Hapana. Namba inafuata kadi ya SIM, na kampuni inaweza kukupa kadi ingine yenye namba ile ile ukileta kitambulisho. Kinachofuata simu yenyewe ni IMEI, tarakimu 15, unaiona ukipiga *#06#. Wengi tulijifunza neno hilo kwa uchungu wakati wa RAM, ile taxe ya 2020 iliyokuwa inakula ma-inite mpaka ikaondolewa 2022. Iandike pembeni, si ndani ya simu ile ile. PIN ukiikosa mara 3 kadi inafungwa, unahitaji PUK. Usibahatishe PUK: mara 10 mbaya, kadi imekufa.

Kwenye CV, weka namba ya kadi iliyo ndani ya simu sasa. WhatsApp inaweza kuendelea na namba ya kadi uliyoacha kitambo, ivi unafikiri iko nzima. Mwenye kazi anapiga, haipatikani. Ama kampuni imeshaipa mtu mwengine, na ni yeye anayejibu.