Kompyuta ya Nyumbani Inapogoma Kuwaka

Kompyuta ya mezani inapogoma kuwaka, watu wa nyumbani huharakisha kusema kwamba imekufa. Mara nyingi haijafa. Kiungo kimoja tu kimeugua, na huenda ni kile cha bei nafuu. Hasara huja pale mwenye mali anapoipeleka kwa fundi bila kujua lolote, akaambiwa ubao mama umeungua, naye akalipa. Kumbe askari aliye likizo, au mkewe aliyebaki na watoto, aweza kuanza kuutafuta ugonjwa mwenyewe, maadamu ana bisibisi na subira.

Umeme ndio wa kukaguliwa kwanza. Taa ya mezani ikichomekwa katika soketi ileile itaonyesha kama umeme upo. Waya nao hujaribiwa kwa kuazima ule wa skrini, kwani aghalabu hufanana. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye namba 115 na 230. Katika nchi za Afrika Mashariki mahali pake ni 230, na mtoto mtundu akiisogeza hadi 115, pawasaplai huweza kuungua mara inapowashwa. Feni zisipozunguka wala taa yoyote isiwake, pawasaplai hiyo ndiyo ya kushukiwa. Hubadilishwa nzima. Kamwe isifunguliwe nyumbani, kwa kuwa ndani yake umeme wa kudhuru huweza kubaki hata plagi ikisha kung'olewa.

Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, kazi ni ya sikio. Kompyuta nyingi hujikagua zinapowashwa, na zikikuta kasoro hupiga milio, ambayo maana yake imeelezwa katika kitabu cha ubao mama. Mkosaji wa kawaida ni kibao cha kumbukumbu kilicholegea. Plagi ing'olewe, mkono uguse bati tupu la kasha ili kuondoa umeme tuli wa mwilini, ndipo kibao kitolewe na kurudishwa barabara. Vikiwa viwili, vijaribiwe kimoja kimoja.

Saa inayorudi nyuma miaka mingi kila mashine ichomolewapo si jambo la kutisha: ni betri ya CR2032, ya volti 3, mfano wa sarafu, imekwisha. Mashine inayojizima baada ya kazi ya dakika chache huenda imezidiwa na joto, na vumbi la kiangazi limeziba feni zake.

Sauti ya kuogopwa ni moja, nayo ni diski ngumu inayogonga. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kugusa. Kikigusa, kila kuwasha huongeza mikwaruzo. Diski ikiwa bado inasomeka, uchunguzi wote usimame hadi picha za harusi, vyeti vya watoto na sauti ya babu aliyefariki vinakiliwe kwingine. Isiposomeka, izimwe, isiwashwe tena mpaka ifike kwa mtaalamu wa kuokoa kumbukumbu.

Na hata ugonjwa ukiwa wa pawasaplai tu, yafaa diski itolewe na kubaki kabatini nyumbani kabla mashine haijaachwa kwa fundi. Aghalabu hushikwa na skrubu 4 na nyaya 2.