Watu wa Primedi: Mila za Wanaobisha Hodi kwenye Udaktari Marekani

Primedi ni jina la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanaojiandaa kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Huko, ukiacha programu chache maalumu, kijana hatoki sekondari akaingia moja kwa moja kwenye udaktari. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, huomba, akipokelewa husoma miaka minne mingine, kisha huingia hospitalini kwa mafunzo ya ubingwa yanayochukua miaka mitatu hadi saba. Wanaprimedi ni wale wa ile minne ya kwanza, pamoja na wengi waliokwisha kuhitimu lakini bado wako mlangoni. Ni jamii yenye lugha yake, misimu yake na miiko yake.

Neno lenyewe huwapotosha wageni. Nchini Tanzania aliyesoma tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) huchukua matokeo yake ya kidato cha sita akaomba shahada ya udaktari ya miaka mitano, ikifuatwa na mwaka wa utarajali. Kwa hiyo mzazi wa Morogoro akisikia kwamba mwanawe aliyeko Minnesota “yuko primedi”, hudhani safari imeanza, na haichukui muda majirani wanamwita kijana daktari. Kumbe katika daftari la chuo kijana ameandikishwa biolojia, au historia, au hata muziki. Primedi haiandikwi kwenye cheti. Ni nia iliyovikwa ratiba, na anayeiacha njiani hajafeli shahada yoyote. Simu za nyumbani zenye swali la “unamaliza lini udaktari?” ni sehemu ya maisha ya wanaprimedi wenye asili ya Afrika Mashariki, na jibu lake halijawahi kuwa fupi.

Upotoshaji wa pili ni wa Wamarekani wenyewe. Kwao mwanaprimedi ni mtu wa kugombania alama, anayembana profesa kwa nusu maksi na kuficha kitabu cha maktaba ili mwenzake asikipate. Wako hata na jina la utani kwa mtu wa aina hiyo, gana, yaani mfyatua bunduki. Visa vya magana husimuliwa kila chuo, na kila mara vimemtokea rafiki wa rafiki. Anayeingia maktaba usiku wa kuamkia mtihani huona jambo jingine: vikundi vya watu wanne au watano ubaoni, mmoja akiwafundisha wenzake. Ukali upo, lakini umetokana na hesabu ya nafasi. Katika mwaka wa udahili wa 2023, waombaji zaidi ya 52,000 waligombania viti takriban 23,000. Watu wowote wakiwekwa mbele ya mlango wa namna hiyo wataanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Mlango huo ulijengwa kwa makusudi. Mwaka 1893 chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilifunguliwa kikidai mwombaji awe na shahada, jambo geni wakati ambapo vyuo vingi vilimpokea yeyote mwenye ada. Mwaka 1910 Abraham Flexner, aliyetumwa na taasisi ya Carnegie, alitoa ripoti juu ya vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alieleza maabara zisizo na vifaa na vyuo vilivyokuwa biashara tupu, akashauri asiyesoma biolojia, kemia na fizikia ya chuo kikuu asipokelewe. Vyuo vingi vikafungwa. Kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi aliona viwili tu vistahili kubaki, Howard na Meharry, na vile vitano vikafa. Hasara ya madaktari ambao vingewalea bado inahisiwa. Mjadala juu ya haki ya nafasi hizo umefika mara nyingi mahakamani, tangu kesi ya 1978 ya mwombaji aitwaye Bakke hadi hukumu ya 2023 iliyozuia vyuo kuzingatia asili ya mwombaji. Orodha ya masomo ya Flexner, kwa upande wake, imebaki karibu ileile kwa zaidi ya karne.

Masomo hayo ni mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa kemia ya jumla, mmoja wa kemia ogania na mmoja wa fizikia, yote pamoja na maabara zake. Huongezwa biokemia, hisabati au takwimu, na kozi za uandishi. Fizikia huvumiliwa. Hisabati hupita. Kinachoitengeneza jamii hii ni kemia ogania.

Kemia ogania, elimu ya misombo ya kaboni, husomwa kwa kawaida mwaka wa pili. Wanafunzi huikata jina na kuiita ogo, kwa sauti ile ambayo watu wengine huitumia kumtaja mkwe mkali. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliyezoea kukariri hukuta kukariri hakumfikishi popote. Anatakiwa aone molekuli katika nafasi, ajue upande gani umeziba na upande gani uko wazi, kisha achore vishale vilivyopinda vinavyoonyesha elektroni zinatoka wapi na kwenda wapi. Ndiyo sababu mabegi ya wanaprimedi hulia kokoto: ndani mna kisanduku cha vitufe na vijiti vya plastiki, kaboni nyeusi, oksijeni nyekundu, vya kuundia molekuli mkononi na kuzigeuza. Baadhi ya maprofesa huruhusu kisanduku hicho hata chumba cha mtihani. Ubaoni pembe sita za pete ya kaboni hukunjwa zikawa na umbo la kiti, na kukichora kiti hicho bila kukosea ni kama kujua kukunja mkeka. Anayeweza hutambulika.

Uzuri wa ogo uko maabara, na hapa wanaoilaani huwa wamesahau. Kati ya majaribio ya kale kuliko yote ni lile la mafuta ya ndizi. Mwanafunzi huchanganya alkoholi yenye harufu kali na asidi ileile inayoipa siki ukali wake, akadondosha asidi ya salfuriki kidogo, akauchemsha mchanganyiko huku mvuke ukipoozwa na kurudi chupani. Kisha huosha, hukausha, hukeneka. Kufikia saa kumi jioni ushoroba mzima unanuka ndizi mbivu, na ndizi yenyewe haipo. Katika jaribio jingine hutoa kafeini katika majani ya chai, unga mweupe kiasi cha kucha. Haya yote huandikwa kwa wino kwenye daftari ambalo halifutwi, kosa likikatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke. Ni malezi mazuri kwa mtu atakayeandika mafaili ya wagonjwa, na pengine ndicho kitu pekee katika ogo kinachomfuata hadi wodini.

Upande mchungu ni mtihani. Kuna vyuo ambako wastani wa darasa huanguka chini ya nusu, kisha alama hupangwa kwa kuwalinganisha wanafunzi, hivyo mwenye 48 anaweza kupata B ikiwa wenzake walianguka zaidi. Mfumo huu, kuliko tabia ya mtu yeyote, ndio mzazi wa magana. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha New York, wanafunzi 82 kati ya 350 wa kemia ogania walitia saini malalamiko juu ya kozi ya Profesa Maitland Jones Jr., mwandishi wa kitabu cha kiada cha somo hilohilo. Hawakuomba afukuzwe, lakini chuo kilisitisha mkataba wake. Nchi nzima ikagawanyika: wengine wakasema vijana wamekuwa laini, wengine wakasema somo limegeuzwa chekeche. Chekeche ndilo neno lililokaribia ukweli. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai kilianza mwaka 1987 kuwapokea wanafunzi wa fasihi na falsafa ambao hawakusoma ogo wala kufanya mtihani wa udahili, na walipochunguzwa baadaye walionekana kufanya vizuri sawa na wenzao.

Mtihani wa udahili ni MCAT. Asili yake ni jaribio lililoanza 1928, na jina la sasa lilikuja miaka ya 1940. Ulifanywa kwa penseli na karatasi hadi 2007 ulipohamia kwenye kompyuta. Tangu 2015 una sehemu nne, saikolojia na sosholojia zikiwemo, na mtahiniwa hukaa hapo karibu saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Alama ya chini kabisa ni 472 na ya juu 528. Wageni huona kiwango hicho ni cha ajabu, lakini mwanaprimedi huijua 500, alama ya katikati, kama mvuvi ajuavyo kina cha maji. Majira ya joto ya kujiandaa, yenye kadi za kukariri hadi chooni, hayahitaji maelezo marefu. Kila jamii ina jando lake.

Juu ya masomo huja matendo. Mwanaprimedi hujitolea hospitalini, humfuata daktari kama kivuli akiwa kimya pembeni mwa kitanda, au huajiriwa kuwa karani anayechapa maelezo daktari anapomhoji mgonjwa. Hufanya utafiti, na huongoza chama fulani. Vyama hivyo havina haja ya kuzungumziwa.

Kisha huja maombi yenyewe, nayo huchukua takriban mwaka mzima. Vyuo vingi hutumia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, unaoendeshwa na AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari ulioanzishwa 1876. Texas ina mfumo wake, na vyuo vya tiba ya osteopathi vina wake. Mwombaji huorodhesha shughuli zisizozidi 15, na huandika insha ya herufi 5,300, nafasi tupu zikihesabiwa, akieleza kwa nini anataka kuwa daktari. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa hata chema hujitembeza. AMCAS hukokotoa upya wastani wa alama, na aliyepata D akarudia somo akapata A huhesabiwa zote mbili. Kwa kuwa vyuo vingi hujaza viti kadiri maombi yanavyoingia, mwiko mkubwa ni kuchelewa. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mwanaprimedi hukesha siku ya kwanza ya kutuma, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Baadaye vyuo hutuma maswali ya pili, kila kimoja na ada yake, na desturi isiyoandikwa ni kuyarudisha kabla ya wiki mbili. Wengi huomba vyuo 15 au 20. Kuna msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, lakini wa katikati, asiye fukara wala tajiri, hukopa.

Aliyebahatika huitwa usaili. Hadi majira ya kuchipua ya 2020 usaili ulikuwa safari, na ndiyo desturi nzuri zaidi waliyokuwa nayo watu hawa. Mwombaji alifika jioni kwa basi au ndege ya bei ya chini, suti nyeusi ikiwa imekunjwa kwa uangalifu, akapokelewa na mwanafunzi wa udaktari asiyemjua kabisa. Alilala kwenye kochi lake bure. Usiku ule, juu ya sahani ya tambi, mgeni aliambiwa mambo ambayo kijitabu cha chuo hakiyasemi: ni profesa gani mkali, nani analia mwaka wa kwanza, kodi ya nyumba ni kiasi gani. Asubuhi walikutana kumi au kumi na wawili chumbani, wote weusi kwa suti kama kunguru, wakachekana. Walitembezwa wodini, wakala pamoja kantini, wakabadilishana namba. Kwa siku moja washindani walikuwa wenyeji na wageni, kila mmoja akila chumvi ya mwenzake.

UVIKO-19 ilipoingia usaili ukahamia kwenye skrini, na katika vyuo vingi umebaki huko. Hoja ya kuubakiza ni nzito, nayo ni gharama: mtoto wa dereva wa teksi sasa anaweza kusailiwa na vyuo vinane bila kulipa nauli hata moja. Hakuna anayeweza kuipinga kwa haki. Hata hivyo kilichopotea hakikuwa cha anasa. Siku hizi mwombaji huvaa koti juu na kaptula chini, hujibu maswali mbele ya ukuta mweupe, kisha skrini huzima na yuko peke yake chumbani mwake, bila kuuona mji, bila kuonja chumvi ya mtu. Vyuo vingine hutumia usaili wa vituo vingi, uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambapo mwombaji husogezwa kutoka swali hadi swali kwa dakika chache chache. Nao umeingia kwenye skrini, na unafaa huko kuliko ule wa kochi.

Kwa mwanafunzi wa kigeni mlango ni mwembamba zaidi. Vyuo vingi havipokei asiye raia au mkazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyopokea hudai ada ya miaka yote minne iwekwe benki kabla ya kuanza. Vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hugundua hili mwaka wa tatu, ogo ikiwa imeshamalizwa.

Baada ya usaili hufuata kimya. Majibu ya kwanza ya kukubaliwa hutoka katikati ya Oktoba, na baada ya hapo barua huja zikijisikia. Kuna chuo hukataa kwa adabu, kuna kinachomweka mtu kwenye orodha ya kusubiri hadi Julai, na kuna visivyojibu chochote. Hili la mwisho ndilo linalowaudhi kuliko kukataliwa. Mtu aliyelipa ada na kuandika insha anastahili angalau “hapana”.

Mwisho wa Aprili wenye nafasi zaidi ya moja huchagua, na viti vilivyoachwa huanza kushuka kwenye orodha za kusubiri. Aliyepata huvishwa koti jeupe fupi katika sherehe ya kuanza masomo, desturi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1993, na jina la primedi humtoka. Wengine hugeukia uuguzi, afya ya jamii au utafiti. Wanaobaki huandika insha upya, huangalia kama alama zao za MCAT bado hazijapitwa na wakati, na huomba barua mpya za mapendekezo kwa maprofesa walewale. Fomu za AMCAS za mwaka unaofuata hufunguliwa mwanzoni mwa Mei.