Masika hujaza mabenchi ya zahanati, droo ya fedha hubaki tupu

Kabla mvua za Machi hazijaanza, wenye zahanati binafsi Dar es Salaam huwa wameshajaza makabati: vipimo vya haraka vya malaria, dawa mseto, ORS na zinki, chupa za dripu. Kuhara hutangulia, maji ya vyoo yakifurika na kuingia visimani. Malaria hushamiri mvua zikielekea ukingoni. Kipupwe nacho huja na mafua, vikohozi na watoto wanaobanwa na pumu.

Kwa hesabu hiyo, huu ungekuwa msimu wa mavuno. Mmiliki mmoja wa zahanati Mbagala, aliyeomba asitajwe jina, anauita msimu wa madeni. Dawa ananunua Kariakoo kwa fedha taslimu, na bei hupanda siku zilezile anapozihitaji zaidi. Mwenye kadi ya bima anatibiwa leo, malipo yanafika baada ya miezi, tena yamekatwa kwa sababu fomu moja ilikosa saini. Asiye na kadi hutoa nusu na kuahidi nusu. Kabatini kuna boksi la vipimo ambalo amelizungushia kalamu nyekundu kwenye tarehe ya kuisha muda. Msimu mmoja mvua zilichelewa, wagonjwa hawakuja, hasara ikabaki kwake.

Malalamiko hayo ofisa mmoja wa afya anayajibu kwa takwimu: maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yalikuwa asilimia 14 hivi mwaka 2015, yakashuka hadi takriban 8 mwaka 2022. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Ambalo hakulisema ni kwamba mwaka 2017 yalishafika asilimia 7 hivi, kisha yakapanda kidogo. Tena huo ni wastani wa nchi nzima. Mwaka 2022 mkoa wa Tabora ulizidi asilimia 20. Wastani haumwambii mtu wa Mbagala anunue maboksi mangapi. Tena si kila homa ni malaria: mwaka 2019 jiji lilikumbwa na mlipuko wa dengi, ambayo kipimo chake ni ghali kuliko cha malaria.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 huenda ikaongeza wenye kadi. Madai yakiendelea kukaa miezi bila kulipwa, wateja hao watakuwa deni jingine. Mmiliki wa Mbagala ameshaamua: masika yajayo atanunua nusu ya shehena, na dawa zikiisha, mgonjwa ataandikiwa cheti akatafute mwenyewe duka la dawa.