Ekseli Nzito Katika Pikapu Nyepesi

Wakazi wengi wa Busia, Mutukula, Mpondwe na Bunagana wenye pikapu za biashara huzipeleka Kampala ili ziimarishwe. Vipuri hutafutwa katika soko la Kisekka, na kazi ya kuchomelea hukabidhiwa mafundi wa Katwe, ambao ustadi wao hauna haja ya kusifiwa hapa. Ekseli na difu za pikapu huondolewa, zikawekwa zile za gari kubwa zaidi. Mwenye gari hurudi nyumbani akiamini kwamba sasa aweza kupakia mara mbili ya awali.

Imani hiyo ndiyo yenye hatari. Uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji haukupimwa kwa ekseli peke yake. Ulizingatia pia chasisi, breki, springi na matairi. Nguvu ya injini hupitia klachi, giaboksi, shafti na difu kabla ya kuyafikia magurudumu. Difu ikiimarishwa, udhaifu hauondoki bali huhamia kwingine, aghalabu kwenye giaboksi, au kwenye chasisi ambayo huanza kupasuka karibu na vishikizo vya springi.

Liko pia suala la meno ya difu. Difu yenye meno 41 kwa 10 huizungusha shafti mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Yenye meno 39 kwa 8, karibu mara 4.9. Ya pili huvuta mzigo vizuri zaidi mlimani. Lakini iwapo kipimo cha mwendo huendeshwa na giaboksi, dereva aendaye kilomita 80 kwa saa atasoma takriban 95. Akifunga difu ya upande wa pili, yenye uwiano mdogo, atasoma chini ya mwendo wake halisi, na hapo hufika mbele ya askari wa barabarani akiapa kwamba hakuzidisha. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma sharti zilingane, la sivyo giaboksi ndogo itaumia pindi magurudumu yote yanapofungwa pamoja kwenye lami kavu.

Breki zastahili uangalifu kuliko yote. Silinda za breki za ekseli kubwa zaweza kuhitaji mafuta mengi kuliko yanayosukumwa na silinda kuu ya pikapu, hivyo pedali huzama. Isitoshe, pikapu nyingi zina valvu iliyofungwa kwenye chasisi, yenye fimbo inayoungana na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiongezeka, bodi hushuka, fimbo husogea, na valvu huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Springi zikiinuliwa au kuongezwa bila fimbo kurekebishwa, valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa viazi. Breki za mbele hubeba kazi kupita kiasi, huchemka, na katika miteremko iliyo kati ya Kisoro na Kabale hakuna nafasi ya kujaribu tena. Basi mwambie fundi airekebishe fimbo hiyo mbele yako, kisha ujaribu breki mahali tambarare, gari likiwa tupu na baadaye likiwa na mzigo wa kawaida.

Kwa wanaovuka mpaka, lipo jambo jingine. Namba ya chasisi ndiyo utambulisho wa gari. Fundi akichomelea au akisaga chuma mahali ilipogongwa namba hiyo, gari halali hufanana na lililoibwa, na mwenyewe aweza kuzuiliwa kituoni kwa siku kadhaa huku akithibitisha umiliki. Mwonyeshe fundi mahali hapo kabla ya kazi kuanza. Hifadhi risiti za vipuri zenye jina la duka na tarehe. Ikiwa injini nayo imebadilishwa, namba yake katika kadi ya gari irekebishwe kabla ya safari, wala si baada ya kusimamishwa.