Afisa Akikosea Sheria, Ufanye Nini?

Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati ya jamaa. Taveta iko upande huu, Holili iko upande ule. Watu wanauziana ndizi, wanazikana, wanaoana. Lakini ukioana na mtu wa ng'ambo na mkataka kukaa pamoja, lazima muonane na watu wa uhamiaji.

Tuseme kuna dada mmoja wa Taveta. Anauza ndizi sokoni. Ameolewa na kijana wa upande wa Himo, Tanzania. Bwana ameamua kuhamia kwa mkewe, kwa sababu shamba la huku lina maji. Mtoto wao alizaliwa katika hospitali ya Tanzania. Sasa dada anataka bwana wake apate kibali cha mtegemezi. Hiyo ni karatasi inayomruhusu mgeni kukaa nchini na mume wake, mke wake au mzazi wake.

Dada amefunga safari mpaka ofisini. Amekaa kwenye foleni tangu asubuhi. Afisa anatazama karatasi zake, kisha anamrudishia.

"Mama, hii haiwezekani. Mwanamume ndiye analeta bibi. Mwanamke anamfuata bwana kwao."

"Na mtoto je, bwana afisa?"

"Mtoto ni wa baba. Huyo ni Mtanzania."

Dada anatoka nje. Mlangoni kuna kijana mwenye shati safi na bahasha mkononi. "Mama, hiyo ni kazi ndogo. Leta elfu kumi na tano, kesho unapata." Hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa za ndizi za msimu mzima.

Je, afisa amesema kweli? Amesema sheria ya zamani. Katiba ya kwanza ya Kenya ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa na Mkenya anaweza kuandikishwa kuwa raia. Mwanamume aliyeoa Mkenya hakutajwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi naye alipata uraia kwa baba, si kwa mama. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi. Wako maafisa waliofundishwa kazi wakati huo, na wako vijana waliofundishwa na hao. Kwa hiyo usidhani kila anayekosea anataka kukuonea. Mwingine hajui tu, na anaona haya kusema hajui.

Katiba mpya ilianza tarehe 27 Agosti 2010. Ilibadilisha mambo haya yote. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia. Hata kama alizaliwa nje ya Kenya. Hata kama alizaliwa kabla ya mwaka 2010. Kifungu cha 15 kinasema mtu aliyekaa katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Kinasema "mtu". Hakichagui mume wala mke. Tena kifungu cha 27 kinasema wanawake na wanaume watendewe sawa. Na kifungu cha 13 kinasema huwezi kupoteza uraia wako kwa sababu umeolewa na mgeni.

Sasa dada yetu afanye nini? Kwanza, asimpe yule kijana wa bahasha hata senti. Ada za Serikali zina risiti. Nyingi siku hizi hulipwa kwa njia ya eCitizen, kwa simu au kwenye duka la kompyuta. Pesa ya mlangoni haina risiti, na mwenye shati safi kesho hayupo.

Pili, asigombane. Ukipiga kelele, habari inakuwa kelele zako, si sheria. Arudi dirishani aseme kwa adabu: "Bwana afisa, naomba unisaidie. Ni kifungu gani kinachokataa? Naomba uniandikie." Maneno hayo mawili, "kifungu gani" na "niandikie", yana nguvu kuliko mtu anavyofikiri. Afisa anayejua sheria atakuonyesha. Asiyejua ataingia ndani kumuuliza mwenzake, na mara nyingi hapo ndipo mambo hunyooka.

Kuomba majibu kwa maandishi si ujeuri. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema ofisi ya Serikali ikifanya uamuzi unaogusa haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge lilitunga sheria ya kueleza jambo hilo mwaka 2015. Tunajua kusoma sasa. Tusikubali "haiwezekani" ya mdomo kwa jambo kubwa kama ndoa.

Akikataa kuandika, dada aandike mwenyewe kwenye daftari: tarehe, saa, ofisi, dirisha, jina la afisa kama amelivaa kifuani, na maneno aliyoambiwa. Kisha aombe kumwona mkubwa wa ofisi. Hapo pia akishindwa, iko ofisi ya Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za Serikali. Ilianzishwa mwaka 2011, na kulalamika huko ni bure. Lile daftari ndilo litakalosema kwa niaba yake.

Lakini tusiwalaumu maafisa kwa kila kitu. Dada yetu alienda na barua ya wazee na picha za siku ya mahari. Hakuwa na cheti cha ndoa. Hapo afisa angemrudisha kwa haki kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisa, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya serikali. Lakini inataka ndoa zote ziandikishwe. Waliooana kimila wanatakiwa kumjulisha Msajili wa Ndoa ndani ya miezi 3 baada ya kukamilisha mila. Muulizeni chifu wenu pa kuanzia. Kwa mtoto, lete cheti chake cha kuzaliwa cha kule Tanzania, chenye jina la mama, pamoja na kitambulisho cha mama. Angalia majina yanalingana. Hapa "Mwanajuma", pale "Mwana Juma", tayari umeongeza safari nyingine.

Jambo jingine: kibali cha mtegemezi ni ruhusa ya kukaa, si ruhusa ya kuajiriwa. Afisa akimwambia bwana hivyo, asibishane naye.

Na uraia usikimbiliwe. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Bwana akiandikishwa kuwa Mkenya baada ya miaka 7, atakuwa ameacha Utanzania wake. Huenda ana kihamba cha baba yake kule. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani kwanza, na wazee wakiwepo.

Wakati mnasubiri majibu, mtazame muhuri uliopigwa kwenye hati ya bwana alipoingia. Una siku ya mwisho. Muiandike siku hiyo ukutani, mahali mnapoiona kila asubuhi, na muende kuongeza muda kabla haijafika. Ikipita, atakuwa na kosa jipya, na kosa hilo halitakuwa la afisa.